Nusu Mzunguko wa Plagi

Nilimwahidi mama mmoja anayeuza vitenge Kariakoo kwamba plagi za gari lake zingefungwa na mkono wangu peke yake, na kwamba baada yangu hakuna mtu mwingine ambaye angezigusa. Ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi, nami nilikuwa nimesimama mlangoni pa duka lake nikiwapisha wachukuzi waliopita na marobota mabegani. Jua lilikuwa likipenya katikati ya vitenge vilivyoning'inizwa juu ya mlango, na kila lilipopenya lilishuka sakafuni likiwa na rangi ya kitambaa: chungwa, samawati, kijani kibichi. Nakumbuka kwamba mkono niliounyoosha kupokea ufunguo wa gari ulikuwa wa zambarau, na kwa kitambo kidogo niliutazama kama mkono wa mtu mwingine.

Ahadi ya namna hiyo haiombwi bure. Figo za mume wa mama huyo zilikuwa zimechoka, na kila Jumanne na Ijumaa, alfajiri, gari lile lilimchukua kutoka kwenye ghorofa waliloishi, mitaa miwili nyuma ya duka, likampeleka hospitali Upanga kusafishwa damu. Jumanne ya wiki hiyo lilianza kukohoa njiani, likazimika Mnazi Mmoja katikati ya msururu, mgonjwa akiwa amelala kiti cha nyuma. Wapita njia walilisukuma kando. Ilikuja kubainika kwamba plagi moja ilikuwa imelegea, imeachwa vivyo hivyo na watu waliolifanyia matengenezo mwezi uliotangulia. Mama alikwenda kuwauliza. Walikuwa watatu, na kila mmoja alisema aliyefunga ni mwenzake.

"Nataka mkono mmoja wa kuuliza," aliniambia huku bado ameushika ufunguo. "Mikono ikiwa mitatu, kila mmoja ananionyesha mwingine. Umenielewa, baba?"

Nilimjibu kwamba nimemwelewa. Nilimwambia kesho alfajiri gari lingekuwa tayari, na mkono ungekuwa mmoja. Ndipo akauachia ufunguo.

Gereji yetu, ikiwa kweli neno gereji linaifaa, ni kiwanja chembamba mtaa wa Gerezani, kati ya kuta mbili za maghala ya zamani. Juu tumefunga turubai la bluu lililochakaa, na kwa sababu yake kila kitu kilicho chini huonekana kama kiko ndani ya maji yaliyotulia. Mafundi husogea taratibu katika ule ubluu. Milio ya nyundo kutoka kwa wanaofua mabati mtaa wa pili hufika ikiwa imelainika, na harufu ya bizari kutoka sokoni huja kwa mawimbi, ikichanganyika na ya oili. Nilikuwa nimetimiza mwaka mmoja tangu nihitimu stashahada ya ufundi wa magari. Nilikwenda pale kwa hiari, kwa kuwa niliamini, na bado naamini, kwamba elimu isiyokubali kuinama juu ya injini ya mtu haijafika mahali popote. Wenzangu waliniita Injinia. Walilitamka jina hilo kwa utamu uliozidi kidogo.

Mwenye kiwanja alikuwa fundi mkuu wetu, mzee wa kutoka kusini, Mwislamu mcha Mungu, ambaye vidole vyake vilikuwa vinene kiasi kwamba sikuelewa namna vilivyoweza kuokota skrubu ndogo, navyo viliokota. Yeye ndiye aliyeianzisha desturi ya pale tuliyoiita mkono wa pili. Miaka mingi kabla sijafika, gurudumu la lori lilikuwa limechomoka kwenye mteremko wa Jangwani, na nati zake alizikaza yeye. Hakuna aliyeumia. Lakini tangu siku hiyo hakuna kazi iliyotoka kiwanjani kabla ya mtu wa pili kupita juu ya kila nati na kuiongezea nguvu zake. Aliyemaliza kukaza aliita, "Mkono!" na aliyekuwa karibu alikuja na spana. Haikuruhusiwa kuitwa ukakataa kwenda, wala kupewa mkono ukakataa kupokea. Kwa magurudumu, desturi hiyo ilikuwa njema kabisa. Niliipenda. Niliona ndani yake namna ambavyo nchi nzima ingeweza kufanya kazi, kila mtu akiwa mlinzi wa kazi ya mwenzake.

Lakini plagi si nati ya gurudumu. Kifaa hicho cha kutoa cheche kinajifunga ndani ya kichwa cha injini, ambacho katika magari mengi ya siku hizi ni cha alumini, metali laini ukiilinganisha na chuma. Mikunjo ile inayozunguka shingo ya plagi, ambayo mafundi huiita hesi, ni ya chuma. Hesi za upande wa pili, zile zilizochongwa ndani ya tundu, ni za alumini. Ukilegeza, moto na hewa vitatoroka pembeni na plagi itaungua, kama ilivyotokea Mnazi Mmoja. Ukizidisha, chuma kitashinda alumini na tundu litabaki halina cha kushika. Kati ya makosa hayo mawili kuna nafasi nyembamba, na mtu aliyefunzwa hujua mipaka yake.

Nilikuwa nimekusudia kumweleza fundi mkuu asubuhi ile kwamba gari hili lisipewe mkono wa pili. Nilipofika alikuwa chini ya lori, na niliona miguu yake tu. Mchana tulikula pamoja wali na maharage, nikanyamaza tena, kwa sababu kila sentensi niliyoiandaa kichwani ilisikika kama dharau. Ningeanzaje? Kwamba kijana mwenye cheti anamwomba mzee wa miaka thelathini ya kazi aondoe mkono wake? Nilijiambia kwamba nikiacha kuita, hatakuja.

Injini ilikuwa imelala tangu asubuhi, imepoa kabisa, kwa kuwa plagi haifungwi kwenye injini ya moto. Nilipuliza vumbi kwenye kila shimo kabla ya kufungua chochote, ili punje ya mchanga isiangukie ndani. Nilitoa plagi za zamani moja baada ya nyingine na kuzipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wao. Ile ya nne, iliyokuwa imelegea, ilikuwa na mduara wa masizi shingoni kama mkufu.

Kisha nikazichukua mpya. Sikuanza na spana. Nilichomeka kichwa cha plagi kwenye kipande cha mpira wa bomba, nikaishusha shimoni, na kwanza nikaizungusha kinyume, polepole, mpaka niliposikia kidundo kidogo hesi zilipokutana. Hapo nikageuza mwelekeo. Plagi iliyoshika njia yake huingia kwa vidole viwili, na ikikataa, mpira huteleza wenyewe kabla hujaharibu kitu. Zote nne ziliingia kwa ulaini ambao siwezi kuueleza ila kwa kusema kwamba nilisahau nilipo. Nilihisi kama nimeushika ufunguo wa nyumba tulivu, na ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na giza safi linalongoja cheche.

Plagi inapokalia kitako chake, inasimama. Plagi mpya ya aina ile ina washa, yaani pete laini ya bati, chini ya shingo, na washa hiyo inahitaji kubanwa kiasi, nusu mzunguko tu baada ya kugusa. Chuoni tulikuwa na spana yenye kipimo. Gerezani hatuna, kwa hiyo nilichora mstari wa chaki kwenye fimbo ya spana. Mstari ulipokuwa unatazama taa za mbele nilianza, na ulipotazama kioo kilicho mbele ya dereva niliacha. Nne zote. Fundi wetu wa umeme, ambaye hakupata kuniona nikifanya jambo bila kulisemea, alisimama kunitazama.

"Injinia, unafunga plagi au unatafuta kibla?"

"Vyote," nilimjibu, naye akaondoka akicheka.

Nilikuwa nafuta mikono wakati fundi mkuu aliporudi kutoka kuswali alasiri. Maji ya udhu yalikuwa bado yanang'aa kwenye ndevu zake. Alilitazama gari, akanitazama mimi, na usoni mwake nikaona huruma. Aliamini kwamba nimeona haya kuita. Aliichukua spana kutoka kwenye gazeti, akanyanyua mkono mwingine kunizuia nisisimame, akasema kwa upole kwamba kazi ya peke yako ni balaa la kujitakia.

Akaanza na ya kwanza. Niliuona mstari wangu wa chaki ukiondoka kwenye kioo cha mbele na kuelekea upande wa abiria.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Ningeweza kusema kwenye ya kwanza, na ningeweza kusema kwenye ya pili, ambayo ilitoa mlio mwembamba kama mtu anayeota. Kwenye ya tatu nilifumbua mdomo. Nuru ya bluu ilikuwa imetulia juu ya mabega yake, na vidole vile vinene vilikuwa vinafanya kile vilichofanya kwa miaka yote ili watu wafike makwao salama. Nilikuwa natazama wema, na wema ule ulikuwa ukiharibu. Sikujua neno la kuusimamisha. Kwenye ya nne spana ilikaza, ikakaza, halafu ikaenda kwa wepesi ambao haukustahili. Mtu aliyewahi kukaza kitu kikafa mkononi mwake anaufahamu wepesi huo.

Fundi mkuu alisimama kidogo akiwa ameishika spana. Aliilaza juu ya gazeti kwa uangalifu zaidi kuliko kawaida, akaenda kwenye pipa la maji kunawa uso, ingawa alikuwa ametoka kunawa.

Mama alikuja saa kumi na moja. Alikaa kwenye kiti cha dereva akiwa na miwani ya dukani puani, akawasha. Injini iliitika mara moja, ikanguruma kwa sauti laini iliyojaa, bila kikohozi hata kimoja. Plagi ya nne ilikuwa bado inashikilia kwa hesi mbili tatu zilizobaki. Ingeweza kushikilia mpaka nyumbani. Ingeweza kushikilia mpaka alfajiri, na kisha, injini ikishapata moto, ingeruka kutoka shimoni mwake mahali fulani kati ya Mnazi Mmoja na hospitali. Mama alifumba macho akasikiliza. Uso wake ulilegea, na mara moja nikaona namna alivyokuwa kabla ya miezi ile ya hospitali.

"Ni mkono wako?" aliniuliza, macho bado yamefumbwa.

Sijawahi kutamani uongo kama nilivyoutamani wakati ule. Ulikuwa mfupi na ulikuwa tayari mdomoni.

"Ni wangu, mama. Lakini juu yake umepita mwingine. Na plagi ya nne haifai kusafiri. Tafadhali zima."

Alizima. Aliiweka mikono yake juu ya usukani na kuitazama.

"Ulinipa neno saa tatu asubuhi," alisema. "Halijafika hata magharibi."

Fundi mkuu alikuwa amekwisha kufika nyuma yangu. Alimwamkia mama, akamwambia kwamba mkono uliopita juu ni wake, na kwamba hiyo ya nne aliisikia ikifa. Alieleza kwamba kijana hakumwita, amekuja mwenyewe. Kwa hiyo alijua tangu alipoilaza spana. Kama angelisema iwapo mimi nisingesema, sijawahi kumuuliza, na sitamuuliza.

Alifungua plagi mbele ya mama, na ikatoka na uzi mwembamba wa alumini uliojisokota shingoni mwake, unang'aa kama unywele wa mvi. Mama aliuvuta kwa kidole akautazama muda mrefu. Tundu lilihitaji kutobolewa upya na kuvalishwa bushi, yaani kipande cha chuma chenye hesi zake. Kazi hiyo inataka macho na subira, kwa kuwa chembe zake zikidondoka ndani ya silinda zitaikwaruza injini nzima. Fundi mkuu alisema hataigusa kwa mwanga wa taa. Angeianza alfajiri na kuimaliza mchana.

"Na mume wangu alfajiri?"

Nilisema ningekuja na bajaji, na kwamba ningemshusha mgonjwa ngazi mwenyewe. Mama hakusema ndiyo wala hapana. Aliniambia tu ghorofa ni la tatu, na kwamba saa kumi na mbili kamili mzee lazima awe kitandani kule hospitali, kwa sababu akiikosa zamu, maji yanampanda mwilini mpaka anashindwa kupumua akilala.

Kariakoo alfajiri ni mji mwingine. Milango ya chuma imefungwa, mitaa imekuwa mipana, na kunguru hutembea katikati ya barabara kama wenye maduka. Nilimshusha mumewe ngazi moja moja, mkono wangu chini ya kwapa lake, mama akitangulia na mfuko wa shuka. Alikuwa mzee mrefu kutoka Kilimanjaro aliyepungua ndani ya nguo zake mpaka koti likawa linamvaa yeye. Ndani ya bajaji tulimweka katikati yetu. Umande ulikuwa umelowanisha viti, na upepo wa Mnazi Mmoja uliingia ukiwa na harufu ya nyasi. Mama alitazama nje upande wake.

"Amekununia," mzee aliniambia kwa sauti ya chini, akimwelekezea mkewe kidevu. "Usijali. Mimi alininunia mwaka mzima kabla hajakubali kuolewa."

"Nakusikia," alisema mama bila kugeuka.

Mzee alitabasamu, kisha akataka nimweleze jambo lenyewe lilivyokuwa. Nilimweleza kila kitu, mpira wa bomba, mstari wa chaki, nusu mzunguko, mkono wa pili. Alisikiliza akiwa amefumba macho, na kwa muda nilidhani amelala. Bajaji ilikuwa inapita chini ya miti ya Upanga, na vivuli vilikuwa vinatelezea usoni mwake kimoja baada ya kingine.

"Mbona hukumwambia mzee wako alipokuwa kwenye ile ya kwanza?"

"Nilimheshimu, baba."

"Ulimheshimu." Alilirudia neno hilo taratibu, kama anayelipima uzito. "Ukamwacha aharibu. Sasa yeye amebaki na aibu, wewe umebaki na heshima zako. Umemgawia vibaya."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayekuonyesha kwamba kifungo chako kimefunguka. Tulifika kabla ya saa kumi na mbili, na nilimkabidhi kwa muuguzi mlangoni. Mama aliingia naye bila kuniaga. Nilirudi Gerezani kwa miguu, na njia nzima nilikuwa naona upya spana ikitoka kwenye ya kwanza kwenda ya pili, kwa utulivu ule wa bluu, na mimi nikiwa nimekaa hapo na mdomo wangu.

Fundi mkuu alikuwa ameanza tangu mapambazuko. Alipaka grisi kwenye ncha ya kutobolea ili chembe zinate humo, akatoboa kidogo, akaitoa, akaifuta, akapaka tena. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Niliketi kando yake kwenye debe nikamwambia kwamba jana nilipaswa kusema, na kwamba sikusema kwa sababu nilimwogopea aibu. Hakunitazama. Aliendelea kufuta ncha ile kwa kitambaa.

"Jana ungenitia aibu ya dakika moja," alisema. "Leo nimepiga magoti tangu alfajiri."

Mchana, bushi ilipokuwa imekaa, aliniita niifunge plagi. Alirudi hatua moja akaifumbata mikono yake nyuma ya mgongo, kidole kikakamata kidole, kama mtu anayeogopa kwamba itaondoka bila ruhusa yake. Nilishusha plagi kwa mpira, ikashika njia. Nilichora mstari wa chaki. Nusu mzunguko. Wenzetu wote walikuwa wameacha walichokuwa wakifanya, hata fundi wa umeme, ambaye siku hiyo hakusema neno.

"Tosha?" aliuliza fundi mkuu.

"Tosha, mzee."

"Basi mwenye plagi akisema tosha, ni tosha. Mkono wa pili ni wa magurudumu."

Zile tatu nyingine nilizifungua, nikazitazama hesi zake kwa tochi, nikaziwekea washa mpya na kuzifunga upya kwa kipimo kile kile. Mama alikuja kulichukua gari jioni. Safari hii hakuuliza mkono ni wa nani. Alisimama mwenyewe juu ya injini, akataka nimwonyeshe kila plagi. Kwa zaidi ya mwezi mmoja nilipompita dukani alinijibu salamu kwa neno moja tu, salama, akaendelea kupima vitambaa vyake. Niliona kwamba hiyo ilikuwa haki yake. Gari lilimpeleka mumewe kila Jumanne na kila Ijumaa.

Desturi ya miaka haifi kwa siku moja. Wiki chache baadaye nilikuwa nimemaliza plagi za gari jingine, na fundi mkuu, akizungumza na mteja huku ametazama pembeni, alinyoosha mkono akaichukua spana na kuiweka juu ya plagi ya kwanza. Mara hii nilisema. Nilisema "Mzee, tosha," kwa sauti iliyotoka nyembamba kuliko nilivyotaka, mbele ya mteja. Alisita. Aliitazama spana iliyokuwa mkononi mwake kama kwamba ilijipeleka yenyewe, akanirudishia.

"Shikamoo, Injinia," alisema, na kiwanja kizima kikacheka, naye akacheka nao.

Ninaloomba kwako unayesoma ni hili tu. Plagi mpya ikishakalia kitako na kupewa kipimo chake, iache. Na ukimwona mtu anaiongezea nguvu, hata kama ni mkubwa wako, hata kama anafanya hivyo kwa wema, tafadhali mwambie papo hapo, akiwa bado kwenye ya kwanza.